Mwanga Mfupi na Metali Nyembamba

Leo tutajifunza habari ya joto: jinsi linavyoingia katika metali, na jinsi linavyosafiri ndani yake.

Ninyi mlioko Masasi na Newala mnamjua fundi wa mabati. Mtazameni anapounga koroboi kwa lehemu. Akigusisha chuma cha moto kwa muda mfupi, lehemu huyeyuka pale pale anapopataka. Akikawia, joto huenea katika bati zima, na kiungo alichokwisha kifunga huachia. Basi shikeni neno hili: kazi ya joto haitegemei ukali wake tu, bali na muda wake pia.

Je, muda huo waweza kufupishwa hata wapi? Iko taa iitwayo leza, aliyoiwasha Theodore Maiman kwa mara ya kwanza huko Marekani mwaka 1960. Leza nyingine hutoa mwanga kwa mapigo mafupi mno, yanayopimwa kwa femtosekunde. Gawanya sekunde moja mafungu milioni. Chukua fungu moja, uligawanye tena mafungu milioni elfu. Fungu moja katika hayo ni femtosekunde moja. Katika sekunde nzima mwanga hukata kilomita zipatazo 300,000, yaani kwenda na kurudi kati ya Newala na Masasi maelfu ya mara. Katika femtosekunde 100 hauvuki hata unene wa unywele.

Sasa mpigo huo uangukie utando wa dhahabu, mwembamba kuliko unywele mara elfu. Metali ina atomi, ambazo ni nzito na zimekaa kwa safu. Katikati yake zinakimbia elektroni, ambazo ni nyepesi sana. Fikirini ngoma ya sindimba. Ngoma ikilia, vijana huruka mara moja, na wazee wangali wamekaa. Baadaye vijana wakiwapigapiga vikumbo, wazee nao hutikisika. Ndivyo ilivyo hapa. Elektroni hupokea mwanga kwanza, nazo zaweza kufikia joto la maelfu ya digrii, hali atomi hazijapata moto bado. Kipande kimoja kina joto la namna mbili kwa wakati mmoja! Kisha elektroni huzigonga atomi na kuzigawia joto, mpaka zote zilingane. Kazi hiyo huchukua maelfu kadhaa ya femtosekunde.

Na wembamba una maana gani? Katika kipande kinene, elektroni zenye moto hukimbilia ndani na kupeleka joto mbali. Katika utando hazina pa kukimbilia. Ndiyo sababu utando huyeyuka kwa mwanga hafifu kuliko kipande kinene.

Faida yake ni kubwa. Mpigo ukiwa umekwisha kabla joto halijaenea, metali yaweza kutobolewa na pembeni pasiungue. Madaktari wa macho nao hutumia mapigo hayo kukata ngozi angavu iliyo mbele ya jicho. Hapo kwanza, mpigo mfupi ulipoongezwa nguvu uliharibu mtambo wenyewe. Mwaka 1985 Donna Strickland na Gérard Mourou, katika Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, waliurefusha mpigo kwanza, wakauongeza nguvu, kisha wakaufupisha tena. Kwa kazi hiyo walipewa sehemu ya Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2018.

Lakini mwanga unaotibu jicho mikononi mwa daktari waweza kulipofusha mikononi mwa mtoto. Tochi ndogo za leza zinazouzwa madukani hazitoi mapigo haya, walakini zaweza kuumiza jicho. Msiwaachie watoto kuzichezea, wala msimulikane nazo usoni.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi:

1. Kwa nini fundi wa mabati hakawii na chuma chake cha moto?

2. Katika metali, ni nani vijana wa ngoma, na ni nani wazee?

3. Jua la mchana huleta joto la namna mbili katika bati la paa? Kama sivyo, kwa nini?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.