Kupanda Burj Khalifa: Mambo ya Kupima Kabla ya Kununua Tiketi

Wakenya wengi hufika Dubai kila mwaka: wafanyabiashara wanaofuata bidhaa katika masoko ya Deira, wafanyakazi walio likizoni, na familia zilizoweka akiba kwa muda mrefu ili kutembea. Takribani wote hukutana na swali moja: je, tupande Burj Khalifa? Jengo hilo lenye urefu wa mita 828, lililofunguliwa Januari 2010, ndilo refu kuliko yote duniani, na anayerudi nyumbani bila kulipanda huulizwa sababu. Hata hivyo, kuulizwa si hoja ya kutoa fedha. Makala haya yanaeleza unachonunua unapolipia tiketi ya mnara, na namna ya kuamua kama kinakufaa.

Tiketi inanunua nini?

Mgeni hapelekwi kileleni. Roshani za kutazamia ziko katika orofa ya 124, ya 125 na ya 148, na sehemu kubwa ya jengo iliyobaki ni makazi, ofisi na hoteli. Tiketi ya kawaida hufikisha orofa ya 124 na ya 125. Tiketi ya orofa ya 148 ni ghali zaidi. Kwa hiyo, anayekuuzia tiketi ya “kilele cha dunia” akuonyeshe kwanza ni orofa ipi iliyoandikwa.

Aidha, tiketi hutolewa kwa siku na saa maalumu. Unanunua mandhari ya saa moja, kwa hali ya hewa ya saa hiyo. Lifti hupanda hadi orofa ya 124 kwa muda wa dakika moja hivi, lakini kabla yake kuna ukaguzi wa usalama na foleni, na kuna foleni nyingine ya kushukia. Kupanda mchongoma, wahenga walisema, kushuka ndio ngoma. Anayesafiri na mzee au mtoto mchanga aihesabu safari nzima, asihesabu ile dakika ya lifti pekee.

Je, orofa ya juu zaidi huonyesha mbali zaidi?

Huonyesha, ila si kwa kadiri ya nyongeza ya bei. Roshani ya orofa ya 124 iko mita 452 kutoka ardhini. Kwa umbo la dunia, mtu aliye kimo hicho huweza kuona upeo wa macho ulio umbali wa kilomita 76 hivi. Orofa ya 148 iko mita 555, na upeo wake ni kilomita 84 hivi. Mita 103 za ziada huongeza kilomita 8 tu, na hizo huonekana siku ya hewa safi peke yake. Tofauti kubwa zaidi iko katika utulivu wa chumba na uchache wa watu. Ikiwa hayo ndiyo unayoyataka, lipia ukijua hivyo.

Saa na majira

Dubai ni mji wa jangwa kando ya bahari. Miezi ya joto huleta unyevu na vumbi linalofifisha kila kitu kilicho mbali. Miezi ya baridi ina hewa nzuri zaidi, ingawa baadhi ya asubuhi zake hufunikwa na ukungu mzito. Muuzaji halazimiki kukurudishia fedha kwa sababu tu hukuona mbali, isipokuwa masharti ya tiketi yasema hivyo. Yasome kabla ya kulipa.

Bei hupanda kuelekea magharibi, kwa kuwa wengi hutaka kuona jua likizama na taa zikiwaka. Asiyejali machweo huokoa fedha kwa kuchagua saa nyingine. Anayepanda jioni ya Ramadhani akumbuke kwamba walio juu huliona jua baada ya walio chini kuacha kuliona. Mwaka 2011 mufti wa Dubai alieleza kuwa walio juu ya orofa ya 80 wangoje dakika 2 zaidi kabla ya kufuturu.

Hesabu gharama yote

Bei hubadilika, hivyo tutumie mfano wa kubuni. Tuseme tiketi moja ni dirham 170, na familia ina watu wanne wanaolipa. Jumla ni dirham 680. Thamani ya dirham imefungwa kwa dola, dirham 3.67 kwa dola moja, kwa hiyo ni dola 185 hivi. Kwa familia nyingi hiyo ni sehemu kubwa ya karo ya muhula. Ongeza nauli, chakula, na picha ambazo hupigwa ukiwa njiani na kuuzwa ukishuka. Picha hizo si lazima kuzinunua.

Ukilipa kwa kadi, mashine ikikuuliza kama utozwe kwa dirham au kwa shilingi, chagua dirham. Ukichagua shilingi, kiwango cha kubadilisha fedha hupangwa upande wa muuzaji, na aghalabu huwa kibaya kuliko cha benki yako.

Wakati ambapo kutopanda ni busara

Kuna jambo moja husahaulika: aliye juu ya Burj Khalifa haioni Burj Khalifa. Anayetaka kuliona na kulipiga picha jengo lenyewe hupata hayo akiwa chini, kando ya bwawa la chemchemi, bila malipo. Macho hayana pazia.

Anayetaka kimo kwa bei nafuu zaidi anaweza kufikiria Dubai Frame, iliyofunguliwa mwaka 2018 katika bustani ya Zabeel. Kimo chake ni mita 150 tu, lakini upande mmoja huonyesha mitaa ya zamani na mwingine majengo marefu mapya, Burj Khalifa likiwemo.

Usinunue tiketi ya mnara kwa ajili ya saa chache za kusubiri ndege. Kutoka nje ya uwanja huhitaji viza kwa Mkenya, na ndege ikichelewa saa yako ya kupanda itapita.

Mahali pa kununua, na haki zako

Nunua kwa mwenye mnara mwenyewe au kwa wakala unayemfahamu, na uhifadhi risiti. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya kinampa mtumiaji haki ya kupata habari za kutosha kuhusu huduma anayolipia. Wakala wa Kenya aliyekuuzia safari yenye ahadi ya kupanda mnara anawajibika kwako chini ya sheria za Kenya. Mwombe aandike orofa, siku na saa. Ununuzi uliofanywa Dubai unatawaliwa na sheria za huko, na malalamiko hupelekwa kwa Idara ya Uchumi na Utalii ya Dubai kabla hujarejea.

Kwa ufupi, jiulize:

• Nataka kuona mji kutoka juu, au nataka kuuona mnara?
• Tiketi imetaja orofa ipi na saa ipi?
• Je, naweza kungoja hadi nione hali ya hewa ndipo ninunue?
• Jumla kwa familia yote ni shilingi ngapi, na fedha hiyo ingefanya nini nyingine?
• Nikichelewa au nikiahirisha, nitarudishiwa kiasi gani?

Ukiyajibu haya na bado ukataka kupanda, panda kwa moyo mweupe. Ukiona haifai, hujapoteza safari yako.