Vidonge vya nguvu za kiume: hukumu yake, na kwa nini visimezwe kwa siri



Miongoni mwa maswali tunayoletewa mara kwa mara, na karibu yote huja bila ya jina, ni la mume aliyepungukiwa na nguvu za kiume: je, inajuzu kumeza vidonge? Mara nyengine muulizaji ni mke, ambaye mumewe ameshaanza kuvimeza kwa siri naye anaogopa.

Kwa upande wa hukumu jambo si gumu. Mafaqihi wameyajadili maradhi haya waziwazi tangu zamani. Katika madhehebu ya Shafi, mke akishitaki kwa kadhi kuwa mumewe hajaweza kumuingilia tangu waoane, na likathibiti, mume hupewa muhula wa mwaka mmoja. Basi ni maradhi kama maradhi mengine, na kujitibu kwa dawa ya halali kunajuzu, kwa sharti isilete madhara makubwa kuliko maradhi yenyewe. Sharti hilo ndilo wengi wanalolisahau.

Sildenafili, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Viagra, iliruhusiwa Marekani mwaka 1998. Kabla ya hapo watafiti walikuwa wakiijaribu kwa maumivu ya kifua yatokanayo na moyo. Hulegeza mishipa ya damu ili damu iingie panapohitajika, matamanio haileti. Humezwa kiasi cha saa moja kabla, si zaidi ya mara moja kwa siku, na nguvu yake hudumu saa nne hivi. Ndugu yake, tadalafili, huweza kufika saa 36. Aliyekula pilau lenye mafuta mengi kisha akameza sildenafili asishangae ikichelewa, wala asiongeze kidonge cha pili.

Sasa, mishipa hailegei mahali pamoja tu. Presha nayo hushuka kidogo, na kwa wengi haizidi kuumwa kichwa, uso kupata joto na pua kuziba. Lakini anayetumia dawa za moyo za aina ya naitreti, kama vile kidonge kinachowekwa chini ya ulimi kifua kikibana, akichanganya na hivi, presha yake huporomoka ghafla na anaweza kufa. Hapa hakuna kusema "nitameza nusu tu".

Tunawaomba wake zetu walishike hili. Mume amemeza, usiku akashikwa na kifua, mkamkimbiza hospitali: mwambieni daktari amemeza nini na saa ngapi. Daktari asiyejua anaweza kumpa naitreti, nayo haifai kutolewa ndani ya saa 24 baada ya sildenafili, au saa 48 baada ya tadalafili. Kumsitiri mume hakumaanishi kumficha daktari.

Wenye kutumia dawa za tezi dume au za presha nao waseme kabla ya kuandikiwa, kwani huenda wakahitaji kipimo kidogo. Na uume ukisimama zaidi ya saa nne, au macho au masikio yakipoteza nguvu ghafla, ni safari ya hospitali saa hiyo hiyo.

Wapo wanaosema: sisi hatumezi vidonge, tunatumia asali. Supu ya pweza hatuna ugomvi nayo. Ila hivi vipakti vya asali "ya wanaume" viangaliwe sana. Mwaka 2022 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilizionya kampuni nne baada ya kukuta ndani ya asali ya aina hiyo dawa zile zile, sildenafili na tadalafili, bila ya kuandikwa. Muislamu huiamini asali kwa kuwa Qur'ani imeitaja kuwa ina shifaa, na mfanyabiashara mjanja analijua hilo. Mgonjwa wa moyo akila kipakti hicho hajui hata kama amekunywa dawa.

Tena upungufu huu mara nyingi ni dalili. Kisukari, presha na sigara huharibu mishipa midogo, na huenda uume ukawa wa kwanza kulalamika kabla ya moyo. Mwenye kununua vidonge dukani bila ya cheti cha daktari hutuliza dalili, na sukari ikaendelea kupanda asijue.

Kwa hivyo ukienda kwa daktari, iwe Mnazi Mmoja au Wete, chukua dawa zako zote, za miti shamba zikiwemo, na umuombe akupime sukari na presha kabla hajakuandikia.

Wallaahu a'lam.