Kiatu Nacho ni Nauli (2)

WIKI iliyopita tuliona jinsi LATRA inavyopanga nauli za daladala kwa kufuata umbali wa njia, na jinsi anayeunganisha magari mawili anavyolipa mara mbili. Leo tunashuka hadi kwenye kiatu, maana kwa msafiri wa Dar es Salaam kiatu nacho ni sehemu ya nauli.

Chukua mkazi wa Kimara anayefanya kazi mjini. Tangu Mei 2016 mabasi ya mwendokasi yanamfikisha Kivukoni kwa nauli moja. Fedha zake zinaishia kwenye vipande vifupi vya mwanzo na mwisho wa safari. Tuseme bodaboda ya kutoka nyumbani hadi kituoni ni shilingi 1,000. Kwenda na kurudi kwa siku 22 za kazi, ni shilingi 44,000 kwa mwezi. Kama kipande hicho ni kilomita moja na nusu, mtu mwenye afya hukimaliza kwa miguu ndani ya dakika 20, mradi kiatu kisimbane vidole.

Jioni nako kuna hesabu yake. Wengi hupanda daladala linalokwenda mwisho wa njia ili wageuze nalo, wakalipa nauli mbili kwa ajili ya kiti. Kama gari linaanzia jirani, mwenye raba nzuri hutembea hadi hapo, akakaa kwa nauli moja.

Kiatu cha kutembelea si lazima kiwe kipya. Raba za mitumba zimejaa Karume, Ilala. Kazi ni kukagua. Nenda jioni, kwa kuwa mguu huvimba kidogo kadiri siku inavyosonga, na kiatu kilichokuenea asubuhi chaweza kukubana saa kumi na moja. Jaribu miguu yote miwili, kisha nunua kwa kufuata ule mkubwa. Ukiwa umesimama, mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa dole gumba. Kikunje: kipinde karibu na vidole, pale mguu wenyewe unapojikunja. Kigeuze uone kisigino. Kikiwa kimelika upande mmoja, kiache.

Kuna kipimo kimoja ambacho wanunuzi wengi hukiruka. Baadhi ya raba zina soli ya povu la poliurethani, na povu hilo huharibiwa polepole na unyevunyevu wa hewa, hata kiatu kikiwa kabatini. Ndiyo maana raba inayong'aa huweza kuanza kumeguka soli muda mfupi baada ya kununuliwa. Ibonyeze soli kwa ukucha: ikirudi, sawa; ikiacha unga au ufa, irudishe kwenye rundo. Soli iliyobanduka tu si tatizo. Fundi viatu ataipiga uzi.

Tahadhari moja kwa wenye kisukari: ganzi huficha maumivu, hivyo malengelenge huweza kugeuka kidonda bila mtu kujua. Wavae kiatu kilichofunika mguu na kisichobana, na wakague nyayo kila jioni.

Unapopanga nauli ya mwezi, basi, tenga na fungu la kiatu na la fundi humohumo.

Wiki ijayo: masika, matope na namna ya kukausha viatu bila kuviua.