Djet: makaratasi yanayolinda jina la mwenye kuitengeneza

Kila mwenye motokari katika inchi yetu anajua nguvu ya karatasi. Unaweza kuwa na moteri nzuri na pneu za mpya, lakini polisi wa roulage akikusimamisha njiani, kitu cha kwanza atakuuliza ni « carte rose ». Karatasi ndiyo inasema motokari ni ya nani. Leo tunataka kuongea na wasomaji wetu juu ya watu ambao kule Ulaya wanatafuta makaratasi ya motokari kwa bidii, mara zingine kuliko motokari yenyewe. Tumechagua mfano mumoja: motokari ndogo ya mashindano ya Ufaransa, jina lake Djet.

Ferrari ao Porsche, hata mtoto wa masomo ya musingi anazijua. Djet, hapana. Na hata hivyo, ni yeye wanayemuhesabu mara nyingi kuwa motokari ya kwanza ya barabarani, ya kuuzwa kwa watu wote, yenye moteri katikati: nyuma ya viti viwili, mbele ya magurudumu ya nyuma. Leo motokari nyingi za bei kali zimepangwa vile. Mwaka wa 1962, ilikuwa jambo la ajabu.

Aliyeianzisha ni René Bonnet, fundi wa Champigny-sur-Marne, karibu na Paris. Tangu mwaka wa 1938 alikuwa anafanya kazi pamoja na Charles Deutsch. Motokari zao ziliitwa DB, herufi mbili za majina yao. Wakaachana mwaka wa 1961. Deutsch alibaki na moteri za Panhard, Bonnet akaenda kwa Renault. Mwaka uliofuata Djet ikatokea. Herufi D ya mbele, Bonnet aliiweka makusudi, ili Wafaransa wasome « jet » namna Waingereza wanavyoitamka.

Haikuwa motokari ya kitajiri. Moteri ilitoka kwa Renault 8, ile ya familia. Bwati ya vitesi ilitoka kwa Estafette, kamioneti ya Renault ya kubebea mikate na mizigo ya soko. Karoseri ilikuwa ya plastiki yenye nyuzi za kioo, iliyotengenezwa kule Romorantin na kampuni iliyokuwa chini ya Matra, watu wa makombora. Kwa vile ilikuwa nyepesi, ilikimbia vizuri. Mwaka wa 1963, kijana Jean-Pierre Beltoise, ambaye kisha alijulikana sana katika Formula 1, aliendesha motokari ya Bonnet katika Masaa 24 ya Le Mans.

Lakini mashindano yanakula franga. Motokari ambazo Bonnet aliuza kwa jina lake hazikufika 200. Deni likapanda, na kati ya wenye kumudai alikuwa Matra, aliyemutengenezea karoseri. Mwaka wa 1964, Matra akachukua kazi yote, Bonnet akaenda zake.

Hapa ndipo makaratasi yanaanza kusema. Mwenye kukusanya mambo ya Djet anapanga katalogi za wauzaji juu ya meza, moja kando ya ingine, kufuata miaka. Katika ya kwanza imeandikwa « René Bonnet Djet ». Katika ya pili, « Matra-Bonnet Djet V »: jina la mwenye kuzaa limesukumwa nyuma. Katika ya tatu, « Matra Sports Djet 5 »: Bonnet haonekane tena, na hata ile namba ya Kirumi imegeuzwa kuwa ya kawaida. Mwishoni, « Jet 6 »: hata herufi D, mawazo ya muzee mwenyewe, imeondolewa. Motokari ni karibu ileile. Jina ndilo limefutwa pole pole, katalogi kwa katalogi. Mwaka wa 1967 Matra akaleta modeli ingine, 530, iliyopewa jina la kombora. Kwa jumla Djet zilizotoka ni karibu 1,700.

Tusikose kusema haki: bila Matra, labda Djet ingekufa mwaka wa 1964. Zaidi ya mara saba hesabu ya Bonnet ilitoka chini ya jina la Matra. Yule aliyefuta jina ni yeye pia aliyeokoa motokari. Mambo hayo mawili yanaonekana kwa yule tu mwenye katalogi zote; mwenye kuwa na moja anaamini ile moja.

Sasa, watu wanakusanya nini? Kwanza katalogi na orodha za bei. Kisha kitabu cha mwenye motokari, na orodha ya pyesi. Hapa kuna akili ya kipekee: mwenye Djet analazimika kutafuta pia vitabu vya fundi vya Renault 8 na vya Estafette, kwani bwati haiwezi kueleweka bila kitabu cha ile kamioneti. Kuna magazeti ya wakati ule, programu za Le Mans, foto za wapiga picha wa magazeti, vigari vya kuchezea watoto. Foto moja inapendwa sana: Yuri Gagarin, mutu wa kwanza kwenda angani, karibu na Djet aliyopewa zawadi na Wafaransa mwaka wa 1965. Mutu aliyezunguka dunia kwa roketi, na motokari inayoitwa « jet »: muuzaji gani angekataa foto kama ile?

Wanatafuta wapi? Kwa masoko ya vitu vya zamani, kwa soko kubwa la Rétromobile ya Paris, na zaidi katika masanduku ya mafundi wazee na ya wajane wao. Haraka inahitajika. Kiwanda cha Matra cha Romorantin kilifungwa mwaka wa 2003. Kuna musé ya motokari za Matra mujini pale, lakini musé haiwezi kujua kila sanduku lililo chini ya kitanda cha mutu. Muzee anapokufa, watoto wanagawana nyumba na vyombo. Makaratasi yanatupwa ao yanawasha moto.

Na kuna hatari ya feki. Kwa vile Djet ya kwanza ni chache, jina la Bonnet leo lina bei. Namba ya shasi peke yake haitoshi. Chuma cha shasi kinaoza, wanakibadilisha. Hati ya kuuza, barua ya garaji, foto ya zamani inayoonyesha namba ya pulaki, ndizo zinashuhudia. Jina lililofutwa kwa katalogi limekuwa kitu ambacho watu wanatafuta kwa nguvu.

Wenye mazoea wana kanuni ndogo ndogo, na hizi zinafaa hata kwetu. Usitie karatasi ya zamani katika plastiki ya kuyeyushwa kwa moto: haitatoka tena. Usitumie skoshi. Ondoa vyuma vya kushikilia, vinaleta kutu. Weka mbali na jua na unyevu. Nyuma ya foto, andika kwa kalamu ya risasi nani, wapi, mwaka gani, na nani alikupa. Foto isiyo na jina, kiisha miaka makumi mbili, ni foto ya watu wasiojulikana.

René Bonnet alikufa mwaka wa 1983. Jina lake lingali linasomeka kwa sababu mutu fulani hakutupa katalogi ya mwaka wa 1963. Na sisi, katika malandu ya baba zetu, kuna bulletin za mushahara za makampuni yaliyobadilisha jina mara mbili ao tatu, kuna carte rose za motokari ambazo hazitembee tena. Mbele ya kuzitumia kufungia karanga, tuzisome kwanza.