Kliniki ya Ganjoni na Utafiti wa VVU

Ganjoni ni mtaa wa upande wa kusini wa Kisiwa cha Mombasa, mwendo mfupi kutoka Mji wa Kale. Mwezi wa Februari 1993, katika kliniki ya manispaa iliyoko huko, watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na Chuo Kikuu cha Washington cha Marekani walianza kuwaandikisha wanawake wanaofanya biashara ya ngono ambao hawakuwa na VVU. Miongoni mwa watafiti hao walikuwamo Joan Kreiss, Kishor Mandaliya na Jeckoniah Ndinya-Achola. Baadaye R. Scott McClelland aliiongoza kazi hiyo kwa miaka mingi.

Kila mwezi mwanamke aliitwa kliniki. Aliulizwa kuhusu wateja, kondomu, njia ya kupanga uzazi na namna anavyojiosha. Kisha alipimwa: damu ikatolewa, na ute wa ukeni ukachukuliwa kwa kijiti cha pamba, ukapakwa kwenye kioo na kutazamwa kwa hadubini. Aliyekutwa na kisonono au ugonjwa mwingine wa zinaa alitibiwa, na kondomu zilitolewa bure. Kwa kuwa vipimo vilirudiwa mwezi baada ya mwezi, aliyeambukizwa VVU aligunduliwa mapema, na hali yake ya kabla ya maambukizi ilikuwa tayari imeandikwa. Wanawake hao walivumilia maswali mazito na vipimo vya faragha kwa miaka. Elimu hii ni yao kabla ya kuwa ya mtu mwingine.

Jambo moja lililojitokeza linamgusa kila mwanamke. Uke wenye afya una bakteria wanaotengeneza asidi, na asidi hiyo huzuia vijidudu vingi kushamiri. Mwaka 1999 watafiti walionyesha kuwa wanawake waliokosa bakteria hao waliambukizwa VVU na kisonono zaidi. Mwaka 2006 wakatoa matokeo ya wanawake 1,270 waliofuatiliwa kwa muda wa miaka 10. Waliojiosha ndani kwa maji tu walikuwa na hatari ya VVU zaidi ya mara mbili na nusu ya wale wasiojiosha ndani, na waliotumia sabuni karibu mara nne. Usafi unaofundishwa kwa nia njema kumbe huenda unaondoa kinga ya mwili wenyewe. Kuosha sehemu ya nje kunatosha.

Hata hivyo, ufuatiliaji wa aina hii huonyesha mambo yanayokwenda pamoja, si lazima lipi limesababisha lipi. Sindano ya kupanga uzazi ni mfano mzuri. Takwimu za Mombasa zilizochapishwa mwaka 2004 ziliihusisha na ongezeko la maambukizi, na hofu ikaenea. Jibu lenye nguvu zaidi lilihitaji jaribio la kuwagawa wanawake kwa bahati nasibu. Jaribio hilo lilifanyika Kenya, Zambia, Eswatini na Afrika Kusini kwa wanawake 7,829, na matokeo yake ya mwaka 2019 hayakuonyesha tofauti kubwa ya maambukizi kati ya sindano, kitanzi cha shaba na kipandikizi.

Wanaume nao walichunguzwa. Kati ya wafanyakazi 746 wa kampuni za malori mjini Mombasa, wasiotahiriwa waliambukizwa VVU kwa kiwango cha mara nne hivi ya waliotahiriwa. Majaribio yaliyofuata, likiwemo la Kisumu, yalithibitisha kuwa tohara hupunguza hatari kwa mwanamume, ingawa haiondoi kabisa.

Tangu mwaka 2004 washiriki wenye VVU waliohitaji dawa za kupunguza makali walianza kuzipata kupitia utafiti huo. Kwa wanawake 20 waliofuatiliwa kwa karibu, virusi vilipungua kwa kasi katika damu na pia katika ute wa ukeni ndani ya mwezi wa kwanza. Mwaka 2011 jaribio kubwa la kimataifa lilionyesha maana ya jambo hilo: mwenye VVU akianza dawa mapema, uwezekano wa kumwambukiza mwenzi wake hupungua kwa asilimia 96.