Gemu Uliyonunua ni Yako, au Umekodishiwa?

UKIENDA katika soko la Gakoromone mjini Meru ukanunua debe la viazi, muuzaji hatakufuata hadi jikoni kila jioni akitaka kujua kama ungali na idhini ya kuvipika. Umelipa, mali ni yako. Utavila, utamgawia jirani au utavipanda, shauri yako.

Ajabu ni kwamba ipo bidhaa ya bei kubwa kuliko viazi ambayo wazazi wengi huwanunulia watoto wao bila kujua kwamba haiuzwi kwa masharti hayo. Bidhaa hiyo ni michezo ya video, au gemu, kama vijana wanavyoiita. Siku hizi baadhi yake haichezeki mpaka mashine iwasiliane kwanza na kompyuta za kampuni iliyoitengeneza, huko ng'ambo. Mimi ni mpenzi wa gemu, wala sioni haya kulisema hilo. Lakini katika jambo hili nasema wazi kwamba tunapunjwa.

Zamani ilikuwaje?

PlayStation 2 ilianza kuuzwa mwaka wa 2000. Ulitia disiki, ukashika padi, mpira ukaanza. Mashine haikuuliza habari za intaneti. Ndiyo sababu mashine za aina hiyo zilifaa sana katika vyumba vya gemu vya miji yetu, kuanzia Makutano mjini Meru hadi Embu, ukishapita Chuka na Runyenjes. Palikuwa na televisheni, benchi na vijana wakisubiri zamu. Aliyefungwa alimpisha mwenzake. Mwenye chumba alihitaji stima tu.

Sasa mambo yamegeuka. Mwezi Machi 2013 mchezo wa kujenga miji uitwao SimCity ulitolewa kwa sharti kwamba mchezaji awe kwenye intaneti wakati wote, hata akicheza peke yake. Seva zililemewa, na watu waliokwisha kulipa wakabaki wakikodolea macho kioo. Kampuni iliruhusu mchezo huo uchezwe bila intaneti mwaka mmoja baadaye. Mwezi Machi 2022, Gran Turismo 7, mchezo wa mbio za magari, ulikwama kwa zaidi ya saa 30 kwa sababu seva zilikuwa zikitengenezwa. Sehemu kubwa ya mchezo haikuchezeka, ilhali disiki zilikuwa mikononi mwa wenyewe.

Kwetu hali ni ngumu zaidi

Ikiwa wenzetu wa Ulaya na Marekani walilia, sembuse mkazi wa Maua au Siakago? Huku kwetu mvua kubwa ikinyesha stima hupotea, na mlingoti wa simu nao ukizima mtandao unakwenda nao. Mnamo Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ikalegea Kenya na nchi jirani. Siku kama hiyo, kijana mwenye gemu ya zamani anaendelea kucheza, lakini mwenye gemu mpya iliyofungwa kwa mtandao anasoma tangazo la kumwambia ajaribu tena baadaye.

Aidha, kuna gharama ambayo haiandikwi kwenye bei. Gemu kubwa za leo hupita GB 100, na baadhi hudai nyongeza kila mara. Familia inayonunua data kwa simu, kidogo kidogo, itagundua kwamba gemu ya dola 70, yaani takriban shilingi 9,000, imeanza kula fedha nyingine kabla haijachezwa.

Fikiria mwanafunzi aliyechuma kahawa likizo nzima ya Desemba ili anunue gemu moja. Huyo hahitaji seva ya ng'ambo imwambie kama jasho lake linakubalika.

Seva ikifungwa je?

Hapo ndipo penye uchungu mkubwa. The Crew, mchezo wa magari wa kampuni ya Ubisoft, ulitoka Desemba 2014. Machi 31, 2024 seva zake zilifungwa, na mchezo wote ukafa, hata ile sehemu ya kucheza peke yako. Aliyeweka disiki yake vizuri kabatini ana kipande cha plastiki tu.

Wachezaji hawakunyamaza. Kampeni iliyoanzishwa mwaka huo wa 2024 na Ross Scott ilidai kwamba kampuni ikifunga seva iache mchezo katika hali ya kuchezeka. Kufikia Julai 2025 ombi lao katika Umoja wa Ulaya lilikuwa limevuka sahihi milioni moja. Nalo jimbo la California, kwa sheria iliyoanza kutumika Januari 2025, linawataka wauzaji wa bidhaa za kidijitali wamweleze mnunuzi kwamba anapata leseni tu.

Kwa nini tujali?

Mzazi mmoja atasema, "Zikifungwa zote ni heri, watoto watasoma." La hasha! Gemu ikichezwa kwa kiasi ina faida yake. Huwakalisha ndugu pamoja, humfundisha mtoto kushindwa bila kununa, na humpa hamu ya kujua kompyuta inavyofanya kazi. Mkenya Wesley Kirinya alitoa gemu yake, The Adventures of Nyangi, mwaka wa 2007. Sylvia Gathoni, ajulikanaye kama Queen Arrow, alisajiliwa na timu ya Marekani mwaka wa 2018 kwa ustadi wake katika Tekken.

Wala sisemi intaneti ni adui. Kucheza na mpinzani aliye mbali ni raha, na hapo mtandao ni wa lazima. Ninachokataa ni kumlazimisha anayecheza peke yake, au na dada yake sebuleni, kuomba ruhusa.

Basi, msomaji wangu, kabla hujatoa fedha muulize muuzaji maswali matatu. Je, gemu hii inachezeka bila intaneti? Je, mchezo wote umo ndani ya disiki, au sehemu nyingine lazima ishushwe? Je, nikichoka nayo naweza kumpa mwingine? Akibabaika, soma maandishi madogo nyuma ya kasha, au urudishe pochi mfukoni.

Wazee wetu walicheza bao kwa vishimo vya ardhini na kokoto, na hadi leo hakuna kampuni iliyoweza kuufunga mchezo huo. Tunapowanunulia watoto wetu mchezo, tuwanunulie ule watakaoweza kuwaachia wadogo zao.