Protini Kongwe Kuliko Zote Mwilini

Juma hili nataka tuzungumze juu ya macho. Nyuma ya mboni ipo lenzi, kitu kidogo kinachopenya mwanga kama kioo safi. Theluthi moja hivi ya uzito wake ni protini, na nyingi kati ya hizo huitwa kristalini.

Sehemu nyingine za mwili, protini zikichakaa huvunjwa na mpya hutengenezwa. Katika lenzi mambo ni tofauti. Chembe changa hutokea pembeni, hutengeneza kristalini kwa wingi, kisha hupoteza viini vyake ili mwanga upite bila kizuizi. Chembe isiyo na kiini haiwezi tena kutengeneza protini. Chembe mpya huifunika ile ya zamani, tabaka juu ya tabaka kama kitunguu, na kadiri umri unavyosonga kazi hiyo hupungua kasi. Kwa hiyo katikati ya lenzi ya bibi wa miaka 80 zimo protini zilizotengenezwa akiwa bado tumboni mwa mama yake.

Kitu kitumike miaka 80 bila kukarabatiwa, kisichoke? Jua kali, moshi wa sigara na kisukari huzidi kukichosha. Kweli, yupo mlinzi: kristalini ya aina ya alfa huzishika protini zilizoharibika zisigandane. Lakini mlinzi huyo naye hana wa kumpokea zamu. Nguvu zake zikiisha, protini hugandana kama ute wa yai uliotiwa motoni, na lenzi huingia ukungu. Huo ndio mtoto wa jicho, ugonjwa unaoongoza kwa kuleta upofu duniani.

Hapo ndipo ninapotaka tuelewane. Yai lililoiva halirudi kuwa bichi. Hakuna dawa ya matone wala maji ya majani yatakayoisafisha lenzi hiyo. Mengine huleta vidonda tu. Tiba ni upasuaji: lenzi mbovu hutolewa na ya bandia huwekwa, kazi aliyoianza daktari Harold Ridley mjini London mwaka 1949.

Basi mzee wako akianza kupapasa ukuta, usiseme "ni uzee tu", wala usimtafute mchawi. Mpeleke kwa daktari wa macho mapema. Hadi juma lijalo, kwaherini.